Nadharia ya Brown: wakati pombe na afyuni zilikuwa dawa ya karibu kila ugonjwa

Mtu akihara na kutapika mpaka macho yanaingia ndani, huku kwetu Bukavu hakukosekani jirani wa kusema: «Mumupatie kitu ya nguvu, atasimama.» Wakati mwingine hiyo kitu ya nguvu ni kanyanga. Unaweza kudhani ni maneno ya mtaani tu. Kumbe zaidi ya miaka 200 iliyopita, wazo kama hilo lilikuwa elimu ya madocta wa Ulaya.

Mwenye nadharia aliitwa John Brown, mzaliwa wa Scotland, 1735. Alisoma Edinburgh kwa profesa William Cullen, kisha wakakosana. Mwaka 1780 akatoa kitabu cha Kilatini, Elementa Medicinae. Alisema mwili unaishi kwa kuchochewa: joto, chakula, pombe, hata mawazo, vyote ni vichocheo. Afya ni kipimo cha katikati. Mwanafunzi wake Samuel Lynch akachora jedwali mfano wa kipima joto, kutoka 0 mpaka 80, afya ikiwa 40. Mwili uliochochewa kupita kiasi unaugua, na uliopungukiwa vilevile. Kama ni mapafu ama tumbo, haikuwa na maana kubwa. Kazi ya docta ilikuwa kupandisha ama kushusha.

Na kwa Brown, magonjwa mengi yalikuwa ya kupungukiwa. Dawa: nyama, mvinyo, afyuni. Tusimcheke haraka. Wakati ule wagonjwa wengi walitolewa damu na kuharishwa kwa makusudi, kwa hiyo aliyewapa chakula alionekana mkombozi. Nadharia ilienea sana Ujerumani na Italia, hata baada ya yeye kufa London mwaka 1788.

Ufaransa, docta François Broussais aliigeuza: ugonjwa ni mwili kuchokozwa kupita kiasi, hasa tumboni. Basi mgonjwa afungishwe chakula, abandikwe maruba wamnyonye damu. Mwaka 1833 Ufaransa iliagiza maruba zaidi ya milioni 40 kutoka nje! Kolera ilipoingia Paris mwaka 1832, Broussais aliwatoa damu watu ambao tayari walikuwa wanakauka.

Mwaka huohuo, Leith, jirani na Edinburgh ya Brown, docta Thomas Latta alitia maji ya chumvi ndani ya mishipa ya wagonjwa wa kolera. Baadhi waliokuwa wanakata roho waliamka. Kilichokuwa kimepungua ni maji na chumvi. Lakini Latta alikufa 1833, na njia yake ikaachwa kwa miaka mingi.

Baadaye ikajulikana kwamba sukari inasaidia utumbo kunyonya chumvi na maji, kwa hiyo mgonjwa anaweza kunywa. Mwaka 1971, kambini kwa wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, docta Dilip Mahalanabis alitumia kinywaji hicho, na vifo vya kolera vikashuka kutoka karibu asilimia 30 mpaka chini ya 4.

Kama hakuna pakiti ya serumu ya kunywa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya kurundika. Pombe hapana, inazidisha kukauka. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja, na njiani aendelee kunywa kidogo kidogo, hata kama anatapika.