Mbwa wa Kuzimu na Sarafu ya Peseta

Wagiriki wa kale walisimulia kwamba langoni mwa kuzimu alilala Cerberus, mbwa wa vichwa vitatu. Anayeingia hapati shida. Anayetaka kutoka ndiye huonyeshwa meno. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiwanda cha Playmatic cha Barcelona, Uhispania, kilimpa mbwa huyo lindo jipya: mashine iliyobeba jina lake, ya pinboli, ule mchezo wa gololi kwenye meza iliyoinama.

Mchezo wenyewe una asili Ufaransa, kwenye meza za bagatelle za karne ya 18. Mwaka 1871 Montague Redgrave wa Cincinnati, Marekani, alipata hataza ya kifyatuo cha springi. Kisha, mwaka 1947, kampuni ya Gottlieb ya Chicago ikatoa mashine ya Humpty Dumpty, yenye vikono sita vya umeme vya kuirudisha gololi juu. Kabla ya hapo mchezaji aliiombea tu. Sasa akaweza kuipigania.

Uhispania chini ya utawala wa Jenerali Franco iliwekea bidhaa za nje vizuizi, na mashine za Chicago hazikufika kirahisi kwenye baa zake. Basi wenyeji wakaunda za kwao. Chapa moja, Petaco, ilivuma hadi Wahispania wakaita kila pinboli "petaco", kama sisi tuitavyo Omo sabuni yoyote ya unga.

Sioni kisasili kinachoufaa mchezo huu kuliko cha Cerberus. Meza imeinama kidogo, na gololi ya chuma ya gramu 80 hivi, hata ukiipiga vipi, safari yake ni ya shimoni, katikati ya vikono viwili. Na usidhani utaiokoa kwa kuitikisa mashine. Ndani ya kasha huning'inia timazi: kipande cha chuma kwenye fimbo nyembamba, kimezungukwa na pete. Ukizidisha vishindo, timazi inagusa pete, umeme unapita, vikono vinakufa ganzi. Unabaki umebonyeza vitufe bure, gololi inateremka taratibu mbele ya macho yako.

Shujaa Herakule alimtoa mbwa yule kuzimu kwa mikono mitupu, nayo ilikuwa ya 12 na ya mwisho kati ya kazi ngumu alizopewa. Katika simulizi za Warumi, mtabiri Sibila alitumia njia rahisi zaidi: alimtupia andazi la asali lenye dawa ya usingizi, na shujaa Enea, aliyekuwa naye, akapita. Yule wa Barcelona hakutaka asali. Alitaka peseta, sarafu ya Uhispania ya wakati huo, na akiimeza, halali.