Mahari ya Bara Hindi

Kwetu mwenye kuoa ndiye atoaye mahari. Katika Bara Hindi mambo ni kinyume: baba wa binti ndiye ampaye mume fedha, dhahabu na vyombo. Wako wakwe wasiotosheka, baada ya arusi hudai tena, humtesa mke, na mwisho huonekana amekufa kwa moto, nao husema, “Jiko limemwunguza.”

Serikali ilikataza mali hiyo kwa sheria ya mwaka 1961, lakini desturi haikukoma, wala mambo ya nyumbani hayana shahidi. Kwa hiyo mwaka 1986 iliwekwa sheria nyingine: mke akifa kwa moto, au kifo kisicho cha kawaida, kabla ya miaka 7 ya ndoa, na ikithibitika kwamba muda mfupi kabla ya kufa aliteswa kwa ajili ya mali, waliomtesa huhesabiwa kuwa ndio waliomfisha, mpaka waonyeshe sivyo. Kifungo chake hakipungui miaka 7, nacho chaweza kuwa cha maisha.

Hata hivyo, mwaka 2022 viliandikwa vifo zaidi ya 6,000 vya namna hiyo. Hakimu huja baada ya mazishi. Wa kwanza kusikia kilio ni wazazi, na wengi humrudisha binti kwa mumewe wakisema, “Vumilia.” Neno hilo limewapoteza wengi.