Saksafoni ya tenori ya zamani kwa bei nafuu: Kagua haya kabla hujatoa hela

Tenori mpya kutoka kampuni kubwa inauzwa kwa maelfu ya dola. Ndiyo maana wapigaji wengi wenye mfuko mdogo hugeukia za zamani, hasa zilizotengenezwa Marekani kati ya miaka ya 1920 na 1960. Baadhi zina sauti nene ambayo wapigaji wa jazz wanaitafuta hadi leo, na bei yake inaweza kuwa sehemu ndogo tu ya bei ya mpya.

Tatizo ni kwamba "mdomo wa bata", kama wapenzi wa dansi wanavyokiita chombo hiki, hauonyeshi ugonjwa wake kwa macho. Inayong'aa kwenye picha inaweza kula hela nyingi kwa fundi kuliko iliyochakaa rangi. Na kuna nyingine ambazo si tenori kabisa, hata kama muuzaji anaapa.

Haya ndiyo mambo ambayo mnunuzi anatakiwa kuyakagua.

1. Bei ni mbili, si moja

Kuna bei ya muuzaji na bei ya fundi. Tenori ina pedi zaidi ya 20, zilizofunikwa kwa ngozi, ambazo kazi yake ni kuziba matundu ili hewa isivuje. Ngozi hukauka, huwa ngumu na huchanika, hata kama saksafoni ilikaa tu kwenye boksi lake miaka 40.

Pedi moja ya juu ikivuja, noti zote za chini yake zinasumbua, kwa sababu ili zitoke lazima matundu ya juu yazibwe vizuri. Anayejifunza huishia kudhani hana pumzi, kumbe chombo ndicho kibovu.

Kwa mafundi wa Marekani, kubadilisha pedi zote na kurekebisha vitufe hupita dola 500 kwa urahisi. Kwa hiyo tenori ya dola 300 inayohitaji kazi ya dola 700 ni tenori ya dola 1,000. Ile ya dola 700 inayopiga leo ndiyo ya bei chee. Mwenye dola 1,000 mkononi asinunue ya dola 1,000, labda kama ameshahakikishiwa kuwa imetoka kwa fundi.

2. Mtego wa "C melody"

Huu ndio unaowaumiza wengi. Miaka ya 1920 saksafoni zilikuwa homa kubwa Marekani, na viwanda vya huko vilitengeneza kwa wingi aina inayoitwa C melody. Ilikusudiwa watu wa nyumbani: mtu alisoma noti zilezile za piano bila kuzibadilisha. Homa ilipoisha, nyingi zikabaki kwenye madari na stoo, na ndizo zinazoibuka sasa kwa bei ya kutupa.

C melody ni ndogo kidogo kuliko tenori, lakini kwenye picha zinafanana sana. Shingo pekee si ushahidi: nyingine zina shingo iliyopinda kama ya tenori, nyingine kama ya alto.

Tenori iko kwenye B flati. Anayepeleka C melody kwenye bendi na kusoma karatasi ya tenori atasikika nje ya wenzake toka noti ya kwanza. Hilo fundi hawezi kulirekebisha.

Namna ya kuijua ni rahisi, na simu inatosha. Fungua programu ya tyuna, kisha muuzaji apige noti ya C kwa kubana kitufe cha kidole cha kati cha mkono wa kushoto peke yake. Tenori itaonyesha B flati. Tyuna ikionyesha C, hiyo ni C melody. Pia herufi C iliyogongwa karibu na namba ya utambulisho ni dalili ya wazi.

3. "High pitch" haipatani na mtu

Kabla sauti ya A haijakubalika kuwa 440, bendi nyingi zilitumia kiwango cha juu zaidi, karibu na 457. Tofauti ni kama theluthi mbili za nusutoni, na sikio linaisikia mara moja. Kuvuta kipulizio nje hakusaidii, kwa sababu matundu yenyewe yalipangwa kwa kiwango hicho.

Kwenye saksafoni za zamani tafuta maneno LOW PITCH au herufi L karibu na namba ya utambulisho. Hiyo ndiyo inayotakiwa. Ikiandikwa HIGH PITCH au H, achana nayo, hata iwe nzuri vipi.

4. Usinunue jina

Selmer Mark VI, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1954, ndiyo inayotafutwa kuliko zote. Tenori yake moja mara nyingi hupita dola 5,000. Ikitangazwa kwa dola 800, mnunuzi ajiulize mara mbili kabla hajaingia mkenge.

Hata majina ya utani yanapandisha bei. Tenori za Conn za miaka ya 1920 huuzwa kwa jina la "Chu Berry", mpigaji wa Marekani aliyefariki 1941. Wajuzi wa ala wanasema toleo alilopiga yeye lilikuja baadaye, lakini jina limeshaganda.

Mwenye bajeti ndogo anafaidika zaidi na majina yasiyo na kelele. Viwanda vikubwa vilikuwa na matoleo ya bei ya chini: Conn walikuwa na Pan American, Martin walikuwa na Indiana, na King walikuwa na Cleveland. Pia vilitengeneza saksafoni na kuzichonga majina ya maduka au wauzaji wengine. Chuma ni cha kiwanda kilekile, au kinakaribia sana, ila jina halijulikani, hivyo bei iko chini.

Buescher True Tone za miaka ya 1920 nazo hupatikana kwa bei ya wastani. Kutoka Ulaya Mashariki kuna Weltklang za Ujerumani Mashariki na Amati za Czechoslovakia.

Kitu kimoja cha kuzingatia: vitufe vya kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye nyingi za zamani ni vigumu na vimepangwa tofauti na vya kisasa. Mwenye vidole vifupi ajaribu kwanza.

5. Mwili kwanza, pedi baadaye

Pedi hubadilishwa. Mwili uliopinda ni habari nyingine. Mnunuzi aangalie haya:

• Shingo: itazame kwa ubavuni. Ikiwa imeinama na upande wake wa chini umebonyea, iliwahi kulazimishwa kwa nguvu. Inarekebishika, lakini ni hela.

• Kiungo cha shingo: kaza skrubu, kisha jaribu kuitikisa. Ikicheza, hewa inavuja hapo.

• Shingo si yake: rangi au michoro ikitofautiana na mwili, huenda ya kwanza ilipotea. Shingo ya kuazima inaweza kuvuruga mpangilio wa sauti zote.

• Vyuma virefu vinavyoshika vitufe: vitazame kwa urefu wake. Vikiwa vimepinda, au vitufe kadhaa vya upande mmoja vinakwama, pengine saksafoni ilianguka na mwili ukapinda.

• Mibonyeo: midogo ya kwenye mdomo mpana haina neno. Iliyo karibu na tundu ni hatari, kwa sababu pedi haitakaa sawa.

• Kulehemu: madoa ya kijivu penye viungo ni dalili ya ukarabati. Muulize muuzaji kilichotokea.

• Mng'ao: ikiwa inawaka kama mpya lakini michoro yake imefifia, ilisuguliwa na kupakwa upya. Kusugua hula chuma. Rangi iliyochakaa yenyewe haiharibu sauti, na ndiyo inayomshushia mnunuzi bei.

Kabla ya kuilaumu saksafoni kwa kukosa kukaa kwenye noti, jaribu kipulizio kingine. Nyingi za zamani zilitengenezewa vipulizio vyenye uwazi mkubwa ndani, na cha kisasa chembamba kinaweza kuzifanya zisikike ovyo.

6. Kununua kwa mbali

Anayenunua mtandaoni aombe video, si picha tu. Muuzaji apige kila noti kutoka B flati ya chini hadi F ya juu, polepole, tena kwa sauti ndogo. Kupuliza kwa nguvu huficha mivujo. Akisema "sijui kupiga, ila ilikuwa inapiga", ihesabu kama inayohitaji pedi zote.

Kwa aliye Dar es Salaam au Nairobi, bei ya tangazo ni mwanzo tu. Kuna usafiri, ushuru na kodi, na vyote viulizwe kabla ya malipo. Kufunga mzigo nako ni muhimu: shingo itolewe na kuviringishwa peke yake, vitufe vibanwe visicheze, na boksi la saksafoni liwekwe ndani ya katoni kubwa yenye vitu laini pande zote. Tenori nyingi nzuri hupindia safarini.

Fundi naye atafutwe mapema. Pa kuanzia kuulizia ni kwenye bendi za polisi, jeshi na makanisa, ambako ala za kupuliza ziko kazini kila wakati. Kama hakuna fundi wa karibu, ni afadhali kuongeza hela na kununua iliyokwisha kutengenezwa.

Kwa kifupi

Mnunuzi aondoke bila kujuta akikutana na moja ya haya: tyuna inasoma C, imeandikwa HIGH PITCH, mwili umepinda, shingo haipo, au muuzaji hataki ijaribiwe. Zilizotengenezwa ni nyingi, na nyingine itapatikana. Hela iliyokwenda kwenye saksafoni isiyopiga ndiyo ngumu kurudi.