Vitanda vinne, chumba kimoja: historia ya usiku ndani ya gari moshi

Msikilizaji, mtu anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ya usiku kwa gari moshi huwaza mengi: chakula cha njiani, baridi ya alfajiri, mizigo, na wezi wa madirishani. Ni nadra kuwaza jambo ambalo limebeba sehemu kubwa ya historia ya safari hizo, nalo ni nani watakaolala naye chumba kimoja. Katika basi jirani yako ni jirani wa kiti tu. Katika behewa la kulala, jirani ni mtu atakayekuona umelala huna habari, na mlango mmoja umewafungia nyote wawili hadi kuche. Mwenzi huyo, ukiacha yule uliyetoka naye nyumbani, hukumchagua wewe. Katika makala haya tunatazama aliyekuwa akimchagua.

Biashara ya vitanda vya gari moshi ilipata umbo lake huko Marekani, pale George Pullman alipoanzisha kampuni yake mjini Chicago mwaka 1867. Wahudumu aliowaajiri kutandika vitanda hivyo walikuwa watu weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani miaka michache tu kabla. Abiria waliwaita wote kwa jina moja, George, jina la tajiri wao, kama ilivyokuwa desturi ya kumwita mtumwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 A. Philip Randolph aliwaunganisha katika chama cha wafanyakazi, na ilipofika 1937 kampuni ilikubali kutia saini mkataba nao. Mtu mweusi, basi, aliingia katika behewa la kulala akiwa ndiye mtandikaji, siyo mlalaji.

Barani Afrika, kisa kinachojulikana zaidi ni cha usiku wa tarehe 7 Juni mwaka 1893. Mohandas Gandhi, wakili wa miaka 23, alikuwa akisafiri kutoka Durban kwenda Pretoria akiwa na tiketi ya daraja la kwanza. Mwenyeji wake alimsihi alipie pia matandiko ya kulalia, shilingi tano, naye akakataa kwa ubishi na kwa kubana matumizi, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye katika kitabu cha maisha yake. Gari lilipofika Pietermaritzburg, mapema usiku, aliingia abiria mwingine, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akatoka bila kusema neno. Aliporudi alikuwa na maofisa wa reli. Gandhi aliamriwa ahamie behewa la nyuma, akagoma, na askari polisi akamsukuma nje pamoja na mizigo yake. Alikesha katika chumba cha kungojea, majira ya kipupwe, koti lake zito likiwa ndani ya mizigo iliyoshikwa na watu wa reli.

Tuzingatie kilichomtoa. Tiketi yake ilikuwa halali, na nauli aliilipa yote. Kosa lilikuwa kwamba mtu mmoja hakutaka kulala chumba kimoja naye, na shirika la reli likaona ombi hilo ni la haki.

Miaka mitatu baadaye, 1896, Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walipoteza maisha. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Desemba 1901. Habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898 zimesimuliwa mno, na sina haja ya kuzirudia. Lakini kipo kisa kingine, cha Juni 1900 katika kituo cha Kima, ambacho hakikutokea kambini bali ndani ya behewa la kulala.

Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, aliegesha behewa lake pale ili amvizie simba aliyekuwa akiwasumbua watu wa kituo. Alikuwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Kwa mujibu wa masimulizi ya J. H. Patterson, aliyeandika kitabu kuhusu simba wa Tsavo, Huebner alipanda kitanda cha juu, Parenti akajilaza sakafuni, na Ryall akashika zamu karibu na dirisha. Inaelekea zamu hiyo ilimshinda kwa usingizi. Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma pembeni, nao ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga Parenti aliyekuwa chini, akamkamata Ryall. Huebner aliruka kutoka juu, akakimbilia mlango wa pili ulioelekea upande wa watumishi, akaukuta umeshikwa kwa nguvu kutoka upande wa pili na watumishi waliokuwa wameamshwa na kishindo. Ilibidi ausukume kwa nguvu zake zote ili apenye. Simba akatokea dirishani na windo lake. Behewa hilo lilihifadhiwa na kuwekwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi.

Waandishi wengi wamemtazama simba. Mimi hunivuta zaidi ule mlango. Ndani ya behewa moja kulikuwa na safari mbili, ya mabwana na ya watumishi, na ubao mmoja kati yao.

Utaratibu huo ulikua pamoja na reli yenyewe. Katika Kenya ya kikoloni ilizoeleka kuwa daraja la kwanza ni la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili, shuka zilizopigwa pasi, na mhudumu aliyepita katika ujia akigonga kengele kuwaita abiria kwenye behewa la chakula. La tatu lilikuwa na mabenchi. Mwafrika aliyetoka Mombasa jioni kwenda Nairobi alifanya safari ileile, kwa injini ileile, ila yeye hakulala. Alikesha, bega kwa bega na wenziwe, hadi asubuhi. Uhuru wa mwaka 1963 uliondoa rangi katika madaraja. Benchi lilibaki pale pale, na aliyelikalia sasa alipangwa na mfuko wake.

Reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA, ilizaliwa na hoja nyingine kabisa. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilijikuta shaba yake inategemea njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa mahasimu. China ilikubali kujenga njia mpya kwa mkopo usio na riba. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na tarehe 14 Julai 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi. Watu waliiita Reli ya Uhuru. Wachina waliofia katika kazi hiyo wengi wao wamezikwa nje kidogo ya Dar es Salaam, Gongo la Mboto.

Ilijengwa kwa ajili ya shaba, lakini ilibeba watu, na kuwabeba kwa siku mbili usiku na mchana. Daraja la kwanza lilikuwa na vitanda vinne kwa chumba, la pili vitanda sita. Karani wa tiketi hakuuliza rangi. Aliuliza jinsia. Wanaume walilala na wanaume, wanawake na wanawake, na wanandoa waliotaka kukaa pamoja walitakiwa kununua vitanda vyote vya chumba hicho. Hivyo mume na mke katika safari yao ya kwanza waliweza kujikuta yeye yuko na wanaume watatu asiowajua, na mkewe yuko chumba kingine na akina mama na watoto wao, wakikutana katika ujia na kwenye behewa la chakula kama wachumba wanaochungwa. Wapo waliolalamika. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ililinda zaidi ya ilivyoudhi, maana iliwezesha binti kusafiri peke yake kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, na nyumbani wasikose usingizi.

Chumba chenyewe kilikuwa na sheria zake zisizoandikwa. Mchana, kitanda cha chini ni benchi la wote. Mwenye tiketi yake ni kama mwenye nyumba asiyeweza kufukuza wageni: hajinyooshi mpaka wa juu wapande. Chakula kilichofunguliwa kilikaribishwa kwa kila aliyekuwepo, na kikapu kilipoisha kulikuwa na vituo vya mbele, na wachuuzi wao chini ya madirisha. Giza liliwakuta watu katika mbuga za Selous, wakichungulia nje kumtafuta tembo. Usiku gari lilipita bonde la Kilombero lenye mashamba ya mpunga, kisha likapanda milima ya kutokea Mlimba kwa madaraja na mahandaki, na alfajiri ya Makambako ikawafunza wenyeji wa pwani maana ya baridi. Mpakani Tunduma na Nakonde maofisa wa uhamiaji waliingia ndani na mihuri yao. Saa zilirudishwa nyuma saa moja, jambo lililozua ubishi wa kudumu vyumbani, hasa kwa Mswahili ambaye tayari huhesabu saa zake kuanzia mapambazuko.

Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hii, ameonyesha jinsi wafanyabiashara wadogo walivyoifanya treni ya kawaida kuwa njia ya riziki yao, wakishusha na kupandisha bidhaa kituo hadi kituo. Chumba cha vitanda sita kilikuwa pia mahali pa kujua bei ya mchele wa mbele kabla hujafika.

Treni ya usiku ya Mombasa na Nairobi, iliyokuwa ikiondoka magharibi, ilifanya safari zake za mwisho Aprili 2017. Mwishoni mwa Mei mwaka huo ikaja reli mpya ya kiwango cha kimataifa, inayomaliza njia hiyo kwa takriban saa tano, watu wakiwa vitini. Tanzania nayo ilianza kupeleka abiria Morogoro kwa treni ya umeme Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Septemba mwaka huohuo marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia mjini Beijing kutiwa saini kwa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma sasa ni safari ya kabla ya mlo wa mchana: abiria hukaa nyuma ya kisogo cha mwenziwe, na wengi huteremka kabla hawajaulizana majina.