Kuacha, Kuachia na Mkataba wa Msowero

Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule moja pale Mikumi. Siku moja niliandika ubaoni maneno mawili, "give up", nikawataka wanafunzi wa kidato cha pili wanipe maana yake. Mikono iliinuka haraka. "Kukata tamaa," alisema wa kwanza. "Kuacha, kama vile kuacha sigara," akasema wa pili. Wa tatu, ambaye baba yake alikuwa utingo wa basi la Iringa, alisema ni kumpisha mtu mzima kiti. Wa nne akasema ni kumtoa mwizi aliyejificha nyumbani na kumkabidhi kwa polisi. Kabla kengele haijalia tulikuwa tumeongeza kusalimu amri, kujiuzulu, na hata kukata roho.

Niliwaeleza kwamba Waingereza nao wanayo maneno ya kuzitenganisha maana hizo. Askari aliyeshindwa ana neno lake, "surrender". Mtu anayetelekeza nyumba yake ana "abandon". Anayekana uraia ana "renounce". Dola inayoimegea nyingine ardhi ina "cede". Lakini katika mazungumzo ya kila siku maneno yote hayo huwekwa kando, na yale mawili mafupi hufanya kazi yote. Msikilizaji hukisia mwenyewe.

Ndipo msichana mmoja, mkimya siku zote, akauliza: "Mwalimu, sasa Chifu Mangungo yeye alifanya lipi kati ya hayo?"

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu.

Msomaji atakumbuka kwamba Msowero, kwa Mangungo, iko katika wilaya ya Kilosa, na Mikumi nayo imo katika wilaya hiyohiyo. Kwa hiyo swali lile halikuwa la mbali. Carl Peters, kijana wa miaka 28, alifika Unguja mwezi Novemba mwaka 1884 pamoja na wenzake Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto. Wakavuka hadi Saadani, wakaingia bara kupitia Unguu hadi Usagara. Tarehe 29 Novemba Peters na Mangungo wakatia alama zao kwenye karatasi iliyoitwa mkataba wa urafiki wa milele. Kwa karatasi hiyo, chifu alionekana kutoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa chama cha ukoloni cha Wajerumani.

Karatasi yenyewe iliandikwa kwa Kijerumani. Ndani yake imo taarifa kwamba mkalimani aitwaye Ramazani alimweleza Mangungo kila kitu waziwazi. Basi, kati ya neno la Kijerumani na sikio la chifu alisimama mtu mmoja tu. Ramazani alitumia neno gani? Alisema kutoa? Kuachia? Kukaribisha? Kwa watu ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo, na kiongozi ni mlinzi wake tu, kumwachia mgeni mahali pa kukaa na kulima lilikuwa jambo la kawaida. Kuitoa nchi nzima milele lilikuwa jambo lisilo na neno.

Huko Ulaya hawakuuliza swali hilo. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizotajwa katika mikataba ya Peters, Usagara ikiwamo. Sultani Barghash wa Zanzibar alipinga. Mwezi Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, naye akasalimu amri. Hapo maana ya neno haikuwa na utata wowote, kwa sababu mizinga ilikuwa mkalimani.

Nimesema sikucheka siku ile. Sababu nyingine ni ya nyumbani.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na shamba karibu na mto Mkondoa, nje kidogo ya mji wa Kilosa. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, jirani yetu alikuja kumwomba mahali pa kulima mahindi. Nilikuwa nimekaa ukumbini, nikamsikia bibi akisema, "Haya baba, nimekuachia." Hapakuwa na karatasi wala shahidi mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini nani angemdai jirani daftari?

Miaka sita baadaye mjomba alirudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba, akataka kulima. Jirani akakataa kuondoka. Wazee walipoketi kusikiliza, jambo la ajabu lilionekana: hakuna aliyesema uongo. Jirani alisema, "Mama aliniachia." Bibi alisema, "Kweli, nilimwachia." Mmoja alimaanisha amepewa, mwingine alimaanisha ameazimwa. Nikaitwa mimi. Mzee mmoja aliniuliza, "Ulisikia bibi yako akisema neno gani?" Nikajibu, "Nimekuachia." Akaniuliza, "Alitaja mwisho?" Nikajibu, "Hapana." Nikaruhusiwa kuondoka.

Nilisema kweli tupu. Lakini sikusema kwamba jirani alikuja kuomba pa kulima, wala hakuomba shamba. Sikuulizwa, nami niliogopa kusema nisichoulizwa mbele ya wazee. Shamba lilikatwa nusu kwa nusu. Bibi hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Watu wengi humcheka Mangungo. Kiongozi akitia saini mkataba mbovu leo, jina lake ndilo linalotajwa. Mimi nashindwa kumcheka, na Ramazani namwonea huruma, kama aliulizwa neno tu, asiulizwe maana. Tena nchi haikutolewa kweli kwa alama ile ya karatasi. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, hata Wavidunda wa milima iliyo kusini ya Mikumi waliingia vitani. Watu walioiacha nchi yao kwa hiari wasingeifia miaka ishirini na moja baadaye.

Kipindi kilichofuata nilirudi darasani na jibu. Nilimwambia yule msichana kwamba mtu akisema ameacha, sharti tuulize mambo manne: nani anaacha, anaacha nini, anamwachia nani, na mpaka lini. Kiswahili chetu kwa herufi moja tu hugeuza kuacha kuwa kuachia, tukajua kwamba yupo anayepokea. Lakini "mpaka lini" haimo ndani ya kitenzi, si chetu wala cha Waingereza. Hiyo lazima isemwe kwa kinywa, na ikiwezekana iandikwe.

Msichana aliandika mambo yale manne katika daftari lake. Kisha akauliza kama anaweza kumsomea baba yake nyumbani, kwa kuwa nao walikuwa na shamba walilomwachia mtu.