Tambuka Reli

Dodoma kuna kata inaitwa Tambukareli. Jina hilo ndilo lililonitoa Majengo asubuhi moja kufuata nyayo za picha ya mwaka 1936 ambayo wala haikupigwa hapa. Ilipigwa Malad, pembezoni mwa Bombay, katika studio ya Bombay Talkies, sinema ya Kihindi ikiwa na miaka 5 tu tangu ianze kusema. Inaitwa Achhut Kanya, binti asiyeguswa, na kisa chake kinaanza na kuishia kwenye geti la reli.

Nilianzia sokoni Majengo, magunia ya vitunguu yakishushwa, nikakata kuelekea Madukani. Ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Lakini Waingereza walikuwa na desturi ya kuipanga miji ya Tanganyika kwa rangi: Wazungu Uzunguni kwao, Wahindi na maduka yao kwao, Waafrika kwao. Kijana wa Majengo aliyemtupia jicho binti wa nyuma ya kaunta alijua umbali huo kwa kipimo kingine.

Kwenye picha, Dukhia ni mlinzi wa geti la reli, wa tabaka lisiloguswa. Siku moja anafyonza sumu ya nyoka mguuni mwa Mohan, Mbrahmini mwenye duka, na wawili hao wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Watoto wao, Kasturi na Pratap, wanakua pamoja na kupendana. Basi kijiji kinachachamaa. Pratap anaozwa mwingine, Kasturi anaozwa mwingine, na mwisho mume wa Kasturi anamvamia Pratap palepale relini huku treni inakuja. Kasturi anaikimbilia kuisimamisha. Inamgonga.

Utamu wa mambo uko nyuma ya kamera. Huyo binti asiyeguswa aliigizwa na Devika Rani, msomi wa London, wa ukoo wa mshairi Tagore, na mke wa Himanshu Rai aliyeiendesha studio. Mbrahmini wake Pratap, yaani Ashok Kumar, alikuwa ametolewa juzi tu kwenye maabara ya studio hiyohiyo. Yaani pale studioni aliyepaswa kumwogopa mwenzake ni Mbrahmini! Mwongozaji alikuwa Franz Osten, Mjerumani, kama Wajerumani walioifikisha reli Dodoma mwaka 1910. Vita vilipoanza 1939 Waingereza walimtia kizuizini, kama walivyowafanyia Wajerumani wa Tanganyika.

Mwaka huohuo wa 1936, huku kwetu, Vugiri milimani Usambara, Meja Notcutt na wenzake walikuwa wakipiga picha za kuwaonyesha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie kutoka Marekani. Walifundisha nini? Safura, malaria ya watoto, kuweka akiba posta. Sauti iliwekwa kwenye sahani za santuri. Mapenzi ya tajiri na maskini hayakuwa somo lao, na sidhani ni kwa kusahau: anayeuliza kwa nini asimuoe binti wa ng'ambo ya mji ataulizia na ng'ambo yenyewe.

Mapenzi hayo watu walikwenda kuyatafuta kwenye picha za Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilipendwa mno pwani yetu: kibaka anampenda msichana aliyelelewa na jaji. Mimi nina ugomvi nayo kidogo, kwa sababu kibaka anageuka kuwa mtoto wa jaji huyohuyo, na ukuta unakwepwa bila kubomolewa. Achhut Kanya haikukwepa. Wakata tiketi wanaosema stelingi hafi wangedai hela yao.

Nilipofika relini hapakuwa na treni. Tangu 2024 abiria wa haraka wana SGR yao, na njia ya zamani ina nafasi ya kupumua. Mama mwenye ndoo ya karanga kichwani akanipita, akainua khanga kidogo, akatambuka.