Summit Ikiisha, Muratina Bado Iko

Bia haifi kwa sababu wanywaji wameichoka tu. Mwaka 1998 kampuni kutoka Afrika Kusini ilifungua kiwanda cha Castle pale Thika, na vita vya bia vikaanza. Kufikia 2002 vita vimeisha kwa makubaliano ya wakubwa: wao wafunge Thika, East African Breweries nao wafunge kiwanda chao cha Moshi, Tanzania. Mnywaji wa Thika hakuulizwa, wa Moshi pia hakuulizwa.

Naivasha tuna yetu. Tabitha Karanja na mumewe walianzisha Keroche mwaka 1997, wakauza divai kali ya bei ya mwananchi. Serikali ikapandisha kodi ya divai hizo mwaka 2007. Mwaka uliofuata wakaja na bia, Summit. Halafu 2022 KRA ikafunga kiwanda kwa deni la kodi mwezi wa pili, kikafunguliwa, mwezi wa tano kikafungwa tena. Geti likifungwa, hata uwe mteja sugu namna gani, utameza mate tu.

Sasa tuseme unataka kujipikia Summit yako nyumbani. Watu hufanya hivyo. Uingereza, kikundi kinaitwa Durden Park Beer Circle kilianza miaka ya 1970 kufufua bia zilizokufa, wakisoma madaftari ya viwanda vya zamani. Hapa daftari ni siri ya kampuni. Na hata ulipate, kimea cha shayiri na hopsi utanunua, lakini hamira je? Hamira ya lager hutaka baridi, karibu nyuzi 10, kisha bia ikae wiki kadhaa. Hiyo ni friji nzima imeshikwa, na tokeni za stima zinaisha.

Muratina ilishamaliza hilo tatizo kitambo. Tunda lake hukatwa, huchemshwa, huanikwa, halafu huloweshwa kwenye pombe iliyotangulia. Hamira inajificha ndani ya nyuzi zake. Ukilikausha tena, unaliweka hadi siku ya ruracio, unalitia kwenye maji ya asali au ya miwa penye joto, na linaamka. Jirani akikosa, anakuja kuomba. Yaani daftari na hamira viko kwenye kitu kimoja, na hakuna kampuni inayokimiliki.

Lakini kuna sheria. Ile ya vileo ya 2010, tunayoiita Sheria ya Mututho, ililetwa bungeni na John Mututho, mbunge wetu wa Naivasha wakati huo. Ilihalalisha chang'aa, ila yeyote anayetengeneza kileo cha kuuza lazima awe na leseni. Kiwanda kikigombana na serikali kina mawakili, kinaenda kortini, kinapewa muda wa kulipa. Mama mwenye mapipa mawili nyuma ya nyumba hana hata nafasi ya kugombana. Pombe inamwagwa, matunda yanachomwa.

Kumwaga pombe ni hasara ya wiki moja. Kuchoma matunda ni kuchoma hamira iliyopitishwa mkono kwa mkono miaka mingi, na hiyo huwezi kuinunua supamaketi. Wakitaka leseni, sawa, waweke ya mapipa mawili, kwa bei ya mapipa mawili. Summit itarudi siku kampuni ikiamua. Muratina inarudi tu kama kuna mtu bado ana tunda.